Giboni Halii Mianzini

Wa kwanza kufa walikuwa majogoo. Mzee Tha Dah alipita kibanda hadi kibanda, kisu kiunoni, uso wake kama wa mtu anayekusanya mchango wa harusi, na kila mlangoni alisema neno moja tu: "Jogoo." Hakuna aliyebisha. Huwezi kujificha korongoni na mnyama ambaye kazi yake ni kuwatangazia walimwengu kwamba kumekucha. Siku hiyo kijiji kizima kilikula kuku mpaka watoto wakaulizana kama ni sikukuu, na Mama Eh Khu, ambaye hata mazikoni hakosi neno, akasema vita vikiendelea hivi yeye atanenepa.

Mbwa waliachwa kwenye majivu ya kijiji. Moto uliwashwa giza likishaingia, kwa kuni zilizobanduliwa maganda zisitoe moshi. Ukitaka kukohoa, ulikohoa ndani ya nguo. Ukitaka kucheka, ulicheka mkono mdomoni. Ndivyo wanavyoishi watu wa milimani kila askari wapandapo kutoka tambarare, na wamepanda mara nyingi mno, hata watoto wao wanacheza kibemasa, ule mchezo wa kujificha, kwa ustadi usiofurahisha kuutazama.

Lakini alibaki mmoja ambaye Mzee Tha Dah hakuweza kumwendea na kisu.

Alfajiri ya kwanza korongoni, Mama Hser Mu alikuwa ananyonyesha aliposikia sauti juu ya mianzi. Ilianza chini, kama mtu anayeguna usingizini. Ikapanda, ikapanda tena, ikawa kilio kirefu chembamba kilichopasua ukungu, kisha ikakatika, na baada yake kukawa na kimya cha kungoja. Aliijua sauti ile. Kila mtu mle korongoni aliijua. Akageuka haraka kumtazama binti yake, akamkuta keshakaa kitako, kinywa wazi, kifua kimejaa pumzi.

Alimziba kinywa kwa kiganja.

"Mama, ananiita," Hser Mu akasema ndani ya kiganja.

"Nimemsikia. Usimjibu."

"Nisipomjibu hanyamazi."

Na kweli hakunyamaza. Alilia, akangoja. Akalia, akangoja. Mpaka jua lilipogusa ncha za mianzi, watu wote wakiwa wamekaa vibandani mwao, wametazama juu, kama waliokutwa na mvua bila mwavuli.

*

Aliitwa Naw Thu, yaani Bibie Mweusi, kwa kuwa Hser Mu alisema msichana hawezi kukosa jina la heshima kwa sababu tu ana manyoya. Alikuwa giboni: hana mkia, mikono mirefu kuliko mwili, na viganja vyeupe kana kwamba amevichovya kwenye unga. Mama yake alipigwa risasi na askari waliokuwa wanapita, kwa mchezo tu. Mtu wa milimani asingethubutu. Wazee walisema anayeua giboni ataliliwa na misitu saba, na hakuna aliyetaka kujua msitu unaliaje.

Yule mtoto wa giboni alibaki kwenye miti iliyopakana na shamba lao la mpunga. Hser Mu akawa anamwekea ndizi kwenye kisiki. Hakuna aliyemfunga kamba, hakuna aliyemleta nyumbani. Alikuja akipenda, akaondoka akipenda, na usiku alilala juu ya mti wake kama mnyama mwenye akili zake. Ila kila alfajiri aliimba, na kwa kuwa giboni huimba kwa kuitikiana, mmoja akianza mwenzake akimalizia, na yeye hakuwa na mwenzake, Hser Mu ndiye aliyemalizia. Baba yake alikuwa akisema kutoka kitandani, "Haya, wasichana wameanza kwaya." Bibi naye, mama yake Mama Hser Mu, alimjibu mkwewe kutoka upande wa pili wa ukuta wa mianzi, "Nani huyo anayesema? Mimi simjui."

Huo ulikuwa mzaha wake tangu siku ya harusi. Kwa desturi mwanamume huhamia kwa wakwe, na Bibi alipoletewa huyu kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, alimtazama juu mpaka chini akamwambia binti yake, "Umemwokota wapi? Mimi simjui huyu." Miaka yote hiyo, akimpakulia wali, simjui. Akimkanda mgongo kwa mafuta, simjui.

Na Bibi huyohuyo, mwezi wa kufunga nyuzi, alipokuwa akigonga ngazi ya nyumba kwa mwiko na kuziita roho za jamaa zake zirudi kutoka kote zilikotangatanga, na kumfunga kila mmoja uzi mweupe kifundoni ili roho yake itulie, alimaliza watu akabakiwa na uzi mmoja. Naw Thu alikuwa amekaa kwenye paa, mkono unaning'inia. Bibi akaunyakua mkono ule akaufunga. Watu wakacheka sana. Wakati huo bado walicheka vinywa wazi.

*

Mkutano ulifanyika chini ya mianzi, watu wakichuchumaa karibu karibu ili wasiinue sauti.

"Keti, mwanangu," Mzee Tha Dah akamwambia Mama Hser Mu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulimtisha kuliko ukali. "Umeshajua tunalotaka kusema."

"Ni yule kima wenu," Mama Eh Khu akasema.

"Si kima," Hser Mu akasema nyuma ya bega la mama yake. "Kima ana mkia."

"Asante, mwalimu."

Mzee akainua mkono. "Kulia si neno. Msitu huu una giboni wengi, nani angejali? Neno ni mahali pa kulilia. Giboni halii mianzini. Mwanzi hauna tunda la kumlisha wala tawi la kumbeba. Akilia mianzini amefuata watu. Sasa, askari wa tambarare hawalijui hilo, wao wakisikia wanadhani ni ndege. Lakini hawatembei peke yao."

Kila mtu akapata kitu cha kutazama: kidole cha mguu, jani, mdudu. Siku kijiji kilipochomwa, askari waliondoka na wanaume kadhaa wamefungwa kamba moja, wawabebee risasi na kuwaonyesha njia. Wengine walikuwa wa vijiji vya mbali. Wa kijiji hiki alikuwa mmoja, mwembamba, mwenye masikio makubwa.

"Mimi simsemi mtu vibaya," Mama Eh Khu akaanza, na watu wakajua anaanza kusema mtu vibaya. "Nasema tu, mtu akipigwa atasema. Kila mtu. Na shemeji yangu sote tunamjua. Akichomwa mwiba analala siku nzima, anauguzwa kama mzazi."

Wachache walicheka, mikono midomoni. Mama Hser Mu aliinama akamrekebisha mtoto kwenye ziwa, ingawa mtoto hakuwa na shida yoyote. Ilikuwa kweli kuhusu mwiba. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia, kisimani, ili watu wacheke.

"Lakini Baba akimsikia Naw Thu atajua tuko wapi," Hser Mu akasema.

"Ndilo tunalosema sisi, mtoto wewe," Mama Eh Khu akamjibu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kijana mmoja akapendekeza manati. Bibi, aliyekuwa ameketi pembeni miguu yake mibovu imenyooshwa mbele kama magogo, akauliza, "Kwa mkono wa nani?" Kijana akatazama mikono yake. "Tena ana uzi," Bibi akaongeza. "Wa nyumbani kwangu. Anayetaka kumpiga mtu wa nyumba yangu aanze na mimi, mimi niko karibu na sikimbii."

Kisha Mzee Tha Dah akasema, akimtazama Mama Hser Mu kama mtu anayeomba radhi kabla ya kukanyaga, "Basi aondolewe. Akishindikana kuondolewa, mwanangu, itabidi muondoke ninyi na yeye. Kuna watoto wachanga hapa si wako tu."

Kuondoka kwenda wapi? Na mama asiyeweza kupanda mlima, na mtoto wa ziwani, na mpunga wote uliochanganywa kwenye pipa moja la kijiji. Mama Hser Mu alisema, "Nimesikia, Baba." Akashukuru. Jambo hilo lilimkera baadaye, kwamba alishukuru.

*

"Itikio lile ndilo linalotakiwa," Bibi alimwambia kibandani, akitafuna tambuu yake ya mwisho aliyoitafuna tangu jana. "Mwacheni mtoto amwitikie kidogo, chinichini, atanyamaza."

"Wakimsikia mtoto je?"

"Basi sijui."

"Mama, ule uzi ulikuwa mzaha."

"Mimi nafanya mzaha na kila kitu," Bibi akasema, "ila uzi hapana. Ulicheka wewe. Mimi nilikuwa nimeshaiita roho yake ndani. Roho uliyoiita ndani haiwi mgeni tena. Ukiifukuza haiendi kwao, kwao ni hapa. Itakaa njiani inauliza."

"Sasa nifanye nini? Nikae na giboni nife na mtoto?"

Bibi alimpapasa mgongo binti yake, kwa ule mkono mkavu kama ganda, mpaka mtoto akalala na mama naye akalala.

*

Ng'ambo ya korongo kulikuwa na mgongo wa mlima wenye mikuyu mikubwa, matunda mwaka mzima, na giboni wa mwituni walikuwa wakisikika huko zamani. Kati ya korongo na mlima ule lilikuwa shamba lililochomwa, jeusi, pana, halina hata kijiti. Giboni haogopi kwenda juu, anaogopa ardhi. Akivushwa lile shamba, harudi.

Walivuka asubuhi ya ukungu, mama na binti, bila mtu mwingine. Mama Hser Mu alimwacha mtoto kwa Bibi. Hser Mu alimwita Naw Thu kwa kuguna tu, naye akashuka, akamkumbatia shingoni, na Hser Mu akambeba mgongoni kwa shuka kama mtoto mdogo. Mikono mirefu ilimzunguka mara mbili. Kwenye lile jivu walitembea wameinama, na kila hatua ilitoa sauti kama ya mtu anayetafuna mkaa. Naw Thu hakutoa sauti. Alifumba macho, akafukia uso kwenye nywele za msichana, kama abiria mwoga.

Chini ya mkuyu wa kwanza Mama Hser Mu alisema, "Shika mkono wake."

"Kwa nini?"

"Shika tu."

Uzi ulikuwa umechakaa, rangi ya udongo. Hakuwa na kisu. Akaukata kwa meno. Manyoya yalimgusa midomo, yana joto, yananuka majani. Kwa nini aliukata? Alijiambia kwamba askari wakimwona ana uzi watajua ana watu. Ilikuwa sababu nzuri. Lakini pia alitaka kurudi korongoni akiwa amemaliza, bila mtu wa nyumba yake kubaki nje.

"Sasa si wa kwetu tena?" Hser Mu akauliza.

"Ni wa msitu. Ndiyo vizuri kwake. Mwambie apande."

Naw Thu alipanda mwenyewe. Aliona makuyu mabivu, na mnyama ni mnyama. Mama na binti walipofika katikati ya jivu wakirudi, ndipo alipogeuka akawaona. Hawakusikia kilio. Walisikia matawi: anakwenda upande huu wa mwisho wa miti, anarudi, anakwenda upande ule, anatafuta mti wa kurukia. Haukuwepo.

Hser Mu hakulia. Alitembea mbele ya mama yake, lile shuka tupu bado limefungwa mgongoni, fundo lile lile.

*

Asubuhi sauti ilitoka mbali, ng'ambo, nyembamba kama ya kinanda cha mdomo. Watu wa korongoni walitazamana wakatabasamu. Mzee Tha Dah alipita akamwinamishia Mama Hser Mu kichwa kwa heshima. Mama Eh Khu alileta chumvi kwenye jani, chumvi ambayo siku hizo ilikuwa haipatikani hata kwa kuapa.

"Chukua, shoga. Nina mdomo mimi, Mungu ndiye aliyeniumba nao."

"Hukusema uongo."

"Ndiyo maana nimeleta chumvi. Ningesema uongo ningeleta maneno."

Walipika chipukizi za mianzi kwa chumvi ile, na ladha yake iliwafanya wote kunyamaza, kama wageni mezani. Hser Mu alikula pia. Ila alfajiri alijiziba masikio kwa viganja, na mama yake alipomuuliza anasikia nini, alisema, "Anauliza tuko wapi."

"Atazoea."

"Bibi naye kasema hivyo hivyo. Halafu akageukia ukutani."

Ikapita siku, ikapita nyingine. Askari, ambao tangu mwanzo walionekana wakizunguka upande wa magharibi, kama watu wanaokwepa kitu, walikuwa bado huko. Vijana waliotumwa kuchungulia walirudi wakisema moshi wao uko kule kule. Mama Eh Khu akasema labda wameoa huko.

Kisha asubuhi moja vijana hawakurudi wakitembea, walirudi wakikimbia. Askari wamegeuka. Wamekata njia ya mashariki, wanashuka moja kwa moja kuelekea mianzini, wala hawatafutitafuti.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliinuka na walichokuwa nacho mkononi. Mama Hser Mu alimfunga mtoto kifuani, akamtia kitambaa mdomoni, akamshika Hser Mu, kisha akachuchumaa mbele ya mama yake, amempa mgongo.

"Panda."

"Usiwe mjinga."

"Mama, panda."

"Utanibeba mimi na huyu na ule mlima? Wewe? Ndoo ya maji unaipumzisha mara ngapi?" Bibi alikuwa amekwisha kujivuta karibu na mafiga, anajitandia kanga yake miguuni. "Mtu mzee akionekana ameketi peke yake, watasema watu wameondoka zamani wakamtupa. Nitawaambia hivyo. Nenda. Hser Mu, msaidie mama yako."

Mama Hser Mu alikwenda. Hilo ndilo lililotokea, na halina njia nyingine ya kulisimulia. Walipokuwa juu ya korongo, ndani ya majani ya migomba-mwitu, walisikia sauti za watu chini, kama za watu sokoni. Baadaye mlio mmoja wa bunduki. Ng'ambo, kwenye mikuyu, Naw Thu aliyekuwa akilia tangu alfajiri alinyamaza. Kisha akaanza tena.

*

Walikusanyika kwenye pango la popo upande wa pili wa mlima. Moshi wa mpunga wao ulionekana mpaka jioni, mweupe, unanukia wali, na hilo lilikuwa tusi la pekee.

Jua lilikuwa linashuka alipokuja mtu kupitia mawe, anatembea kama mlevi. Vijana waliinua mapanga. Ni masikio waliyoyatambua kwanza.

Hser Mu alimkimbilia. Mama Hser Mu alimtazama mumewe anavyokuja: kamba imemla vifundo vya mikono, bega limevimba, na macho yake yanahesabu. Yalimhesabu yeye, mtoto, Hser Mu. Yakaanza tena kutoka mwanzo.

"Mko hapa," akasema. "Mmeshukaje kutoka mikuyuni?"

"Mikuyu gani?"

"Mlimani. Mlikuwa kwenye mikuyu."

"Tulikuwa mianzini, Baba Hser Mu. Korongoni."

Alikaa chini pale pale kwenye mawe. Mtu akampa maji, akayashika bila kunywa.

"Mwanzoni mlikuwa mianzini," akasema. "Nilimsikia. Kila alfajiri nilimsikia Naw Thu mianzini, nikasema, wangu wako pale, wazima. Nikawapeleka askari magharibi. Nikawaambia njia ni huku, mto ni huku. Wakanipiga wakisema nawazungusha, na nilikuwa nawazungusha kweli. Kila siku nikawa nasikiliza tu kwamba bado yuko pale pale." Akamtazama mkewe. "Kisha akahamia mikuyuni. Nikasema wamehama, wana akili, wamepanda juu. Wale jamaa wakasema, leo tunakwenda mashariki, utupeleke mikuyuni au utupeleke mianzini, chagua, usipochagua tunachagua sisi. Nikachagua mianzini. Nikasema, hakuna mtu tena mianzini."

Mzee Tha Dah alikuwa amesimama nyuma, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mama Eh Khu alijifunika uso kwa upande wa nguo.

"Yuko wapi Mama?" Mama Hser Mu akauliza, ingawa alijua.

"Alikuwa mafigani. Ameketi. Niliingia wa kwanza, nimefungwa kamba, tukatazamana." Aliyaweka maji chini. "Yule mkubwa wao akaniona nimesimama. Akamwambia, wewe bibi, huyu ni wenu? Unamjua?"

Upepo ulipita mdomoni mwa pango, ukavuma kama mtu anayepuliza chupa.

"Akanitazama juu mpaka chini. Taratibu. Akasema, huyu? Mimi simjui huyu. Mmemwokota wapi?"

Kuna aliyecheka. Ni Mama Hser Mu mwenyewe, kicheko kimoja, kinywa wazi, kikagonga kuta za pango kikamrudia. Kisha akajiziba kwa mikono yote miwili, na mabega yakaendelea.

Mumewe akamaliza kusimulia kwa ufupi. Askari walitaka kuwaachia watu wa korongoni neno, wakaliacha pale mafigani, kwa risasi moja. Kisha wakakuta pipa la mpunga, wakaweka silaha chini ili kugombania kulichoma au kulibeba, na mwisho wa kamba ulikuwa mkononi mwa kijana mdogo ambaye alikuwa anatapika. Huyo ndiye aliyeuachia. Kwa kusudi au vipi, Baba Hser Mu hakujua.

*

Roho za watu zikishtuka namna ile hutawanyika, nazo zisipoitwa mapema mtu hubaki gamba. Kila mtu pangoni alilijua hilo, na mwitaji wao alikuwa Bibi. Kabla ya kupambazuka Mama Hser Mu alichomoa nyuzi kwenye pindo la nguo yake. Hakukuwa na ngazi ya kugonga, akagonga jiwe, kwa kijiko, polepole. Kuita roho ni kupaza sauti, ili isikike mtoni na mashambani na kwenye vijiji vya watu. Yeye aliita kwa kunong'ona.

"Rudini. Mlioko njiani, rudini. Mlioko kwenye moto, mlioko kwenye jivu, rudini nyumbani, wali upo." Wali haukuwepo.

Alimfunga mtoto. Alimfunga mumewe juu ya kidonda, naye hakushtuka, yule mtu wa miiba. Akajifunga mwenyewe kwa meno. Akamfunga Hser Mu. Mkononi zikabaki nyuzi mbili, na hakukumbuka kama alichomoa hivyo kwa kukosea.

Ndipo ng'ambo, juu ya mikuyu, sauti ikaanza: chini, kama mtu anayeguna, ikapanda, ikapanda tena. Ikakatika. Ikangoja.

Pango lote lilikuwa macho. Mzee Tha Dah akaja akachuchumaa mbele ya Hser Mu, magoti yakilia.

"Mjibu, mjukuu wangu," akasema. "Askari wameshashuka tambarare. Mjibu, apumzike."

Hser Mu akatikisa kichwa.

"Mjibu, mwanangu," mama yake akasema.

"Hapana." Alikuwa anatazama nje, kule kwenye weupe wa ukungu, uzi mpya umemzunguka kifundo. "Nikimjibu atanyamaza. Bibi bado hajafika. Atajuaje pa kwenda?"

Sauti ikaja tena. Mama Hser Mu alifumba ngumi juu ya zile nyuzi mbili, akaegemea jiwe, akasikiliza.